Udhu wa kibaba kimoja: namna ya kurudisha adabu ya maji msikitini kwenu

Mwongozo huu nimewaandikia wanakamati wa misikiti, walimu wa madrasa, na kila anayeshika funguo za chumba cha pampu. Mimi ni fundi wa mifereji hapa Lamu. Kazi yangu kubwa imekuwa misikitini: kubadilisha koki, kuziba mabomba yanayovuja, kuzibua mitaro, na miaka hii kufunga pampu za jua. Nataka kukuonyesha namna ya kupunguza maji yanayotumika kwa udhu bila kuupunguza udhu wenyewe. Vifaa vinavyohitajika ni vichache na vingi tayari mnavyo. Lakini ukifunga vifaa bila watu kuelewa sababu, muda si mrefu mtarudi pale pale, kwa hiyo nitachanganya ya ufundi na ya dini kadiri yanavyokuja pamoja kwenye kazi.

Ninaamini kwamba chombo humfundisha mtu kiasi cha kuchukua. Wazee wetu walitawadha birikani, yaani kwenye hodhi la maji la msikiti. Maji waliyaona, na yakishuka waliyaona yakishuka, na aliyekuja nyuma alijua kama waliomtangulia wametumia kwa adabu. Mfereji umetuondolea tabu kubwa, nami nimekula riziki yangu kwao, wala simwombei mama yeyote arudi kubeba ndoo kichwani. Ila mfereji hauonyeshi mwisho wa maji. Unatoa vilevile tangi likiwa limejaa au limebakisha shubiri moja. Kazi ya mwongozo huu ni kuurudishia mfereji ukomo unaoonekana.

Anzia kisimani

Kabla ya kugusa koki yoyote, wakusanye wanakamati na mwende wote mahali maji yanakotoka. Msimtume fundi peke yake. Kwetu mji wa Lamu umetegemea kwa miaka mingi maji yaliyo chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Mvua ikinyesha, mchanga huinywa, na maji matamu hujikusanya chini yake yakielea juu ya maji ya chumvi kama samli juu ya mchuzi. Visiwa vingi vya pwani yetu viko hivyo, na hata kwenye bara visima vilivyo karibu na bahari vina tabia hiyo hiyo.

Hesabu yake kila mwanakamati aijue. Mita moja ya ujazo wa maji matamu ina uzito wa kilo 1,000. Ya maji ya bahari ina kilo 1,025 hivi. Kwa tofauti hiyo ndogo, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Sasa geuza hesabu: ukivuta maji mpaka usawa wa kisima ushuke nusu mita na ukae hapo, chumvi huko chini inatafuta kupanda mita 20. Haipandi siku hiyo hiyo. Inapanda polepole, na ikishafika kwenye pampu haiteremki kwa mvua moja wala mbili. Ndiyo maana kujenga juu ya vilima vya mchanga na kuchota mchanga wake ni jambo zito kwetu: unapoondoa mchanga unaondoa ghala lenyewe.

Mkiwa hapo kisimani, mtu mmoja asome aya ya mwisho ya Suratul Mulk, inayouliza: maji yenu yakididimia ardhini, ni nani atakayewaletea maji yanayobubujika? Nimewahi kuisikia ikisomwa msikitini mara nyingi, lakini kuisikia ukiwa umeinama juu ya mdomo wa kisima, kamba ya kupimia iko mkononi, ni jambo jingine kabisa. Ukishaona usawa wa maji kwa macho yako, swali hilo unaulizwa wewe.

Kisha pimeni. Fungeni uzito kwenye kamba, mshushe mpaka uguse maji, mtie fundo la rangi kwenye kamba pale inapogusa mdomo wa kisima. Mfanye hivyo wakati wa maji kujaa na wakati wa maji kupwa, maana visima vya karibu na bahari hupanda na kushuka pamoja nayo, na ukipima saa tofauti kila mara utadanganyika. Onjeni maji pia. Kama mnaweza, nunueni kile kipimo kidogo cha mkononi kinachosoma chumvi. Unakichovya tu, kinaonyesha namba. Andikeni tarehe, saa, hali ya bahari, kina na namba ya chumvi kwenye daftari litakalokaa msikitini, lisiende nyumbani kwa mtu.

Pima yanayotoka

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya koki moja moja: weka ndoo ya lita 10 chini ya koki, ifungue kama watu wanavyoifungua kawaida, uhesabu sekunde mpaka ijae. Ikijaa kwa sekunde 60, koki hiyo inatoa lita 10 kwa dakika. Fanya hivyo kwa koki zote, kwani zile za mwanzo wa bomba huwa na nguvu kuliko za mwisho.

Ya pili ndiyo ninayoipenda, kwa sababu haimwaibishi mtu. Zima pampu kabla ya adhana ili tangi lisijazwe. Chukua fimbo safi, ipime tangini, tia alama. Baada ya swala pima tena. Ikiwa tangi ni la mviringo lenye kipenyo cha mita 1.4, kila sentimita moja inayoshuka ni lita 15 na kidogo. Tuseme maji yameshuka sentimita 20 kwa swala ya adhuhuri, na waliotawadha hapo ni watu 60. Hizo ni lita 308, yaani lita tano kwa kila mtu. Choo kikiwa kinatumia tangi hilo hilo, kifungie kwanza koki yake ya njiani na uweke ndoo kwa muda, la sivyo utawabebesha wenye kutawadha maji ambayo hawakuyatumia.

Chukua namba yenu, vyovyote itakavyokuwa, uiweke kando ya hadithi ya Anas iliyopokewa na Bukhari na Muslim: Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa mudd moja, na akioga kwa pishi moja hadi mudd tano. Mudd mashekhe wetu huiita kibaba, na vibaba vinne ndiyo pishi, kile kipimo tunachotolea zakatul-fitri. Kwa madhehebu ya Shafii kibaba ni karibu mililita 700, zaidi kidogo ya theluthi mbili za chupa ya maji ya lita moja. Kwa mfano niliotoa, watu wa msikiti ule wanatumia mara saba ya kipimo cha Mtume wao.

Namba hiyo isomeni kwanza ndani ya kamati. Msikimbilie kuitangaza kwenye kipaza sauti.

Jifunze kutawadha kwa chupa

Hapa ndipo watu wengi hawaamini mpaka wafanye. Chukua chupa ya lita moja, tia alama kwenye mililita 700, ijaze mpaka hapo. Mara ya kwanza mtafute mwenzako akumwagie. Kumwagiwa si jambo geni. Mughira bin Shu'ba alimmwagia Mtume maji ya udhu safarini. Mkono wa mwenzako unakuachia mikono yako miwili ifanye kazi, na yeye naye anajifunza kutazama maji ya mtu mwingine kama amana.

Mwenye kumwaga amwage uzi mwembamba wa maji. Viganja vioshwe kwanza. Kwa kusukutua na kupandisha maji puani, teka kiganja kimoja ukigawe: nusu kinywani, nusu puani. Ndivyo sunna ilivyo kwetu, na hapo hapo umeokoa viganja vitatu. Usoni, teka kwa viganja viwili, anzia juu ya paji uache maji yateremke yenyewe, ukiyafuata kwa mikono. Wengi hujipiga maji usoni yakaruka pembeni na kwenye kanzu ya jirani. Hayo hayakuosha kitu. Mikononi, maji yaanzie kwenye vidole na kiganja cha pili kiyasukume mpaka yapite kiwiko. Sugua. Kusugua ndiyo siri yote ya udhu wa maji machache, kwa sababu ngozi kavu huyateleza maji lakini ngozi iliyosuguliwa huyashika. Kichwa hupakwa tu, mkono ukiwa na unyevu. Masikio vivyo hivyo.

Ukifika miguuni uwe umebakiwa na theluthi ya chupa. Hapa usibane. Mtume aliwaona watu wamepaka miguu maji haraka haraka, visigino vikabaki vikavu, akapaza sauti kwamba ole wao visigino na moto. Mguu una mikunjo, vidole vimebanana, na kisigino cha mtu anayetembea pekupeku mchangani ni kigumu kama ganda la mti. Pitisha kidole kidogo cha mkono wa kushoto katikati ya vidole vya miguu, zungusha kiganja kisiginoni, hakikisha vifundo vimerowa. Maji yasipotosha, ongeza bila wasiwasi. Kibaba ni kigezo cha uzuri, hakikuwekwa kiwe kifungo.

Mara tatu kwa kila kiungo ni sunna, mara moja iliyoenea inatosha faradhi, na kuzidisha tatu kunachukiza. Kuna jambo jingine ambalo wanakamati wengi hawakulisikia: vitabu vya fikihi ya Kishafii vinavyosomeshwa pwani hii vinasema kwamba kuzidisha huko huko, ikiwa maji ni ya wakfu uliowekwa kwa ajili ya kutawadhia, kunafika kuwa haramu. Maji ya msikiti mengi ni ya wakfu. Mtu amechimba kisima kwa niya ya mamake aliyefariki, mwingine ametoa tangi, mwingine analipa umeme. Unayoyamwaga ovyo si yako.

Ipo pia ile hadithi ya Sa'd aliyekuwa akitawadha, Mtume akampitia na kumuuliza israfu gani hii. Akasema, je, katika udhu kuna israfu? Akajibiwa: naam, hata ukiwa kwenye mto unaotiririka. Imo katika Ibn Majah na wanavyuoni wameizungumza isnadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, kwa hiyo ukiisoma mbele za watu mwambie na hilo mwalimu wako aliweke sawa. Maana yake lakini wanavyuoni wameikubali. Imamu Nawawi anaeleza makubaliano yao kwamba israfu ya maji inakatazwa hata ukiwa ufukweni mwa bahari. Nimeifikiria sana ile bahari. Pale hakuna upungufu wa maji wa kuogopa, na bado israfu ni mbaya. Basi jambo lenyewe halianzi na ukame. Linaanza na hali ya mkono wa mtu anaposimama mbele ya kitu alichopewa.

Upande wa koki

Fungua koki ya kati iliyo kwenye bomba linaloingia sehemu ya udhu, kisha anza kuizungusha kufunga kidogo kidogo huku ndoo iko chini ya koki ya mwisho. Acha pale ambapo koki ya mwisho inatoa lita mbili hivi kwa dakika. Kama hakuna koki ya kati, weka moja. Ndiyo kazi ya bei nafuu kuliko zote humu, ni saa moja au mbili. Tangi likiwa juu sana, nguvu ya maji inakuwa kubwa na washa za koki, zile raba ndogo za ndani, zinakufa mapema, kwa hiyo kupunguza hapo kunakuokolea na vipuri. Koki inayodondoka ibadilishwe washa leo. Washa ni kitu kidogo, lakini koki inayodondoka usiku kucha huweza kujaza ndoo.

Sasa watakuja kukuuzia koki za kubonyeza, zinazojifunga zenyewe, na zile zenye jicho la umeme zinazotoa maji mkono ukisogea. Nimezifunga za aina zote mbili. Za kubonyeza zina springi, na hewa yetu ya chumvi na maji yenye chokaa huzila. Zikishakwama zinabaki wazi au zinakuwa ngumu, na mzee mwenye vidole vya baridi yabisi anabaki akiisukuma kwa kiganja. Zenye jicho zinafanya kazi vizuri mpaka siku betri au umeme unapokwisha, na fundi wa kuzitengeneza si kila kisiwa anapatikana.

Hayo ni ya ufundi. Langu kubwa liko kwingine. Koki yenye jicho inaokoa maji kwa niaba yako. Wewe hukufanya lolote: hukukusudia, hukujizuia, hukufunga. Ukitoka hapo ukaenda nyumbani kwenye koki ya kawaida, mkono wako ni ule ule. Udhu una niya ndani yake, ndiyo nguzo ya kwanza, na mimi naona kule kufunga koki kati ya uso na mikono, kwa hiari, huku unanuia kuyahifadhi maji aliyoyateremsha Mola wako, ni sehemu ya ibada ambayo haifai kukabidhiwa mashine. Kwenye kiwanja cha ndege au hospitali, ambako maelfu wanapita na usafi wa mikono ni suala la maradhi, zifungwe, nami nitazifunga. Msikitini ninawashauri watu koki ya mkono, ya kugeuza robo duara, inayofunguka na kufungika upesi, yenye maji yaliyopunguzwa nguvu, na pembeni yake kopo lenye mpini linaloingia kibaba kimoja. Anayetaka kopo achukue kopo, na asiyetaka aone lipo. Kuliona tu kunamkumbusha.

Weka na dirisha kwenye tangi. Mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ufungwe ubavuni mwa tangi kutoka chini hadi juu, na uletwe ukutani pale watu wanapotawadhia kama urefu wa tangi unaruhusu, au boya lenye uzi na alama ya rangi inayopanda na kushuka ukutani. Gharama yake ni ndogo mno. Watu wakiona alama ikishuka, wanafunga koki bila kuambiwa. Hiki ndicho kitu cha kwanza ninachokifunga nikiitwa msikiti mpya.

Pampu ya jua iangaliwe kwa macho mawili

Watu wanafikiri nikisema pampu ya jua nimeshamaliza mambo ya mazingira. Haina moshi, haina kelele ya kumkatiza anayesoma Qur'ani, haina bili. Yote hayo kweli. Lakini pampu ya mafuta ilikuwa na faida moja ambayo hakuna aliyeitambua mpaka ilipoondoka: kila lita iliyotoka ilikuwa na bei, na mweka hazina aliijua. Pampu ya jua inavuta kuanzia asubuhi mpaka alasiri bila kumuuliza mtu, na kwa kisima kinachoelea juu ya chumvi, kuvuta kwa bure ni hatari zaidi kuliko kuvuta kwa pesa. Neema isiyo na bei inahitaji mtu anayejua kuhesabu.

Kwa hiyo ukifunga pampu ya jua, funga na swichi mbili za boya. Moja iwe tangini, izime tangi likijaa. Ya pili iwe kisimani, izime pampu usawa ukishuka chini ya alama mliyoiweka nyinyi wenyewe kutokana na lile daftari. Chagua pampu ndogo inayovuta kidogo kidogo kwa saa nyingi, usichague kubwa inayovuta kwa kishindo saa moja, maana kuvuta kwa nguvu ndiko kunakoita chumvi ipande. Na usiizamishe pampu chini kabisa ya kisima. Itundike karibu na juu ya maji, mahali ambapo hata kiangazi itabaki imezama. Maji matamu yako juu.

Birika la zamani msilibomoe

Misikiti mingi ya kale ina birika lililogeuzwa stoo ya mikeka na mafagio. Ukienda kwenye magofu ya Gede, karibu na Malindi, mji uliohamwa karne ya 17, utaona msikiti mkuu na kisima chake na birika lake, na kushuka kwa maji ya visima kunatajwa kuwa mojawapo ya sababu za watu kuondoka. Wajenzi wale waliweka maji mahali pa kuonekana.

Hapa Lamu mabirika yalikuwa na samaki wadogo ndani, wa kula viluwiluwi vya mbu, na chini kabisa ya birika walizika bakuli la kaure ya Uchina, ili maji yakikauka au birika likioshwa, samaki wapate pa kukaa. Kila nikiliangalia bakuli lile nastaajabu. Fundi aliyejenga mahali pa twahara alimfikiria samaki pia: amempa kazi, na kwa kuwa amempa kazi akampa na haki. Usafi wa binadamu, afya ya mtaa na uhai wa kiumbe kidogo, vyote vimewekwa kwenye chokaa moja, bila dawa na bila mota.

Ukitaka kulihuisha birika, likague kwanza kwa kulijaza na kuliacha siku moja, ukiwa umetia alama ya usawa. Likivuja, kwangua plasta iliyokufa, piga lipu mpya. Kwa birika la ukuta wa mawe na chokaa, tumia chokaa. Saruji tupu juu ya kazi ya chokaa hupasuka na kubanduka. Birika likiwa na zaidi ya kulateni, yaani takriban lita 200, hukumu ya kuchovya mikono ni nyepesi; likiwa dogo kuliko hapo, watu wateke kwa kata au kopo na kujimwagia nje, ili maji ya ndani yasiwe mustaamali, yaani yaliyokwisha kutumika. Muulizeni mwalimu wenu kwa hali ya birika lenu. Samaki wapatikane wa hapa hapa kwenye visima na mabirika ya jirani. Msilete wageni kutoka mbali.

Birika pia ni mahali pazuri pa kupokea maji ya mvua. Paa la mita 100 za mraba likipata mvua ya milimita 20, yanateremka lita 2,000, na ukiondoa yanayopotea utabaki na 1,600 hivi. Yale ya mwanzo yenye vumbi na kinyesi cha njiwa yaelekezwe pembeni, mengine yaingie. Qur'ani inayaita maji ya mbinguni maji ya kutwaharisha. Kuyaacha yakimbie mtaroni huku mnavuta ya chini yanayokaribia chumvi ni kazi isiyo na hesabu.

Yaliyokwisha kutumika

Maji ya udhu yaliyokwisha kutumika, kwa Shafii, ni twahara lakini hayatwaharishi tena. Maana yake hayafai kwa udhu mwingine, ila kwa mti yanafaa, na kwa kuoshea ua yanafaa. Tenganisha mtaro wa udhu na wa choo. Hili ndilo linalogharimu, kwa sababu mafundi wa zamani wa saruji waliunganisha vyote. Bomba la inchi mbili, mteremko wa kutosha, kishimo cha kuchujia mchanga na nywele, kisha kwenye migomba, mnazi au mpera. Pasipo na nafasi ya miti, chimba shimo la kokoto maji yarudi ardhini, mbali na shimo la choo kadiri mtaa unavyoruhusu. Kisima cha maji ya kunywa kiwe angalau mita 30 kutoka shimo la choo. Kwenye vichochoro vyetu ni vigumu, basi maji ya kisima kama hicho yasinywewe bila kuchemshwa.

Na nje ya ukuta wekeni koki moja ya wapita njia, na hodhi fupi la punda na paka. Mtume alitaja mtu aliyeteremka kisimani kumtekea mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, akasamehewa dhambi zake. Kamati nyingine hufikiri kuokoa maji ni kufunga koki ya nje kwa kufuli. Hapana. Tunapunguza ndani ili yapatikane ya kuwatosha walio nje.

Kuzungumza na watu

Msitundike vibao vya kutisha. Anza na watoto wa madrasa: kila mmoja na chupa yake, wawili wawili, mwalimu akikagua visigino. Watoto hao watawaonyesha baba zao nyumbani. Sehemu ya wanawake wasimamie wanawake wenyewe, kupima na kufundisha; nimeona kamati za wanaume zikiwapangia koki bila kuingia humo hata siku moja, na koki zikawekwa juu, mwanamke mwenye mtoto mgongoni hawezi kukaa. Kila penye koki wekeni na kiti kifupi cha saruji. Mtu aliyekaa hutumia maji machache kuliko aliyesimama akiinua mguu.

Kuna ndugu ambaye utamkuta koki imefunguka kwa muda mrefu, anaosha, anarudia, anaosha. Msimkemee. Mara nyingi si mzembe. Ana wasiwasi, kila akimaliza moyo unamwambia hujaosha. Ni mtihani mzito, na maji hayataumaliza. Mwalimu amwite faraghani, amfundishe kwa kopo, amwambie kopo likiisha udhu umekamilika na shaka inayokuja baadaye haina hukumu. Kopo lina mwisho, mfereji hauna, na mtu wa namna hii anahitaji mwisho kuliko sisi wote. Akiendelea kuteseka asaidiwe kumwona daktari.

Mkishafanya haya, pimeni tena tangi kwa ile fimbo, swala ile ile, siku ile ile ya juma. Kisima kipimwe kila mwezi, na kwa uangalifu zaidi mwisho wa kaskazi kabla ya masika kuanza, maana hapo ndipo maji matamu yanakuwa membamba kuliko wakati wowote. Ikiwa namba ya chumvi imepanda miezi miwili mfululizo, teremsheni saa za pampu kwanza kabla ya kufikiria kuchimba zaidi. Kuchimba zaidi kwenye kisima cha pwani mara nyingi ni kuifuata chumvi ilipo. Daftari likijaa, nunueni jingine, na la zamani likae kabatini pamoja na hati ya wakfu.